Kidonge Kimoja na Mbasela

Ku soko ya Kashikishi kuko wamama wengi wenye wanauzisha chisense, ile samaki midogo ya ziwa Mweru yenye inakaushwa ku jua. Lakini ukiuliza ni kwa nani kopo inajaa kabisa, watakuonyesha meza moja tu, ya Mama Jessy. Anajaza kopo, anaipiga ku meza mara mbili ili samaki ishuke, anaijaza tena mpaka inatoka kichwa. Kisha, wakati umekwisha kufunga mufuko wako na unawaza kama mambo imeisha, anachota mukono muzima na kukutupia juu. Ile ya mwisho njo mbasela, ile kidogo ya bure yenye muuzaji anamuongezea mununuzi ili arudie. Wengine wanatoa mbasela kwa vidole viwili, sawa mutu mwenye anatia chumvi mu yai. Mama Jessy anaitoa na kiganja yote.

Jina yake ya ubatizo ni Agnès. Alizaliwa Kilwa, ngambo ya ziwa, ku Congo, akaolewa na Davies wa huku Nchelenge, mutu mupole mwenye kazi yake ni nyavu na mwenye anabakia ku kambi ya Chisenga mpaka siku ya Posho, njo Jumamosi. Mu juma nyumba inakuwa ya Agnès na binti yao mumoja, Jessy, wa miaka kumi na mbili. Na kama munataka kujua namna gani mwanamuke wa mukono mukubwa vile alikaribia kumuharibishia mutoto wake dawa yenye alimutafutia kwa jasho, mukae vizuri. Haiko hadisi ya haya peke yake, kuko na ya kucheka.

Jessy hakukuwa mutoto mubaya, muelewe ile tangu mwanzo. Ulimutuma chumvi, alikimbia kwa moyo wote. Kisha saa nzima alirudia na bata mudogo mu mikono, akiuliza kama anaweza kumufuga, na chumvi haikukuwa tena mu kichwa yake. Alikuwa na patapata ine mu nyumba, zote za muguu wa kushoto. Ukimuacha ku muchanga ageuze chisense ili ikauke pande zote, aligeuza nusu vizuri sana, kumupita hata mama yake. Halafu mashua iliingia kutoka Chienge, yeye akawa wa kwanza kuikimbilia, na ile nusu ingine ikabakia kuoza upande wa chini. Ku masomo, Titcha Mutale alisema mutoto anajua majibu. Shida ni kama anajibu mbele ulizo iishe, na mara ingine anajibu ulizo ya jana.

Watu walisema, na watu wakianza kusema hawanyamazi. Eneless, mwenye meza yake iko kando ya ile ya Agnès, alisema mutoto anakosa fimbo. Agnès alijaribu fimbo mara moja, na mwenye alilia sana ni yeye mwenyewe. Wengine walisema ni pepo. Waliombea Jessy ku kanisa siku mbili za Yenga zenye kufuatana, na katikati ya maombi ya pili Jessy alitoka inje kuangalia ni nani anapiga kengele ya baiskeli.

Mwisho Titcha Mutale alimuita Agnès na kumuambia kwa upole kama hii haiko ujinga wala pepo, iko na jina, na kuko wanganga wenye kuijua. Agnès alipanda basi na mutoto mpaka ku lopitalo moja kubwa ya Copperbelt, mara mbili. Kule daktari aliwauliza ulizo mingi, akasoma barua ya titcha, akapima moyo ya Jessy na kilo zake. Akasema ni ugonjwa wa akili kukosa kutulia fasi moja, mutoto alizaliwa nao, hakuna mwenye kosa. Agnès alilia tena, lakini ile siku alilia sawa mutu mwenye wametua muzigo yake chini.

Dawa ilikuwa inapitia kliniki ya huku, mu mikono ya Fanwell. Ni munganga kijana, mama yake ni wa Pweto, njo maana Kiswahili yake haina taabu. Chupa moja kila mwezi, vidonge makumi tatu, na ordonansi ya pekee, ile karatasi yenye daktari anatia saini, juu ile dawa haitolewi ovyo ovyo. Siku ya kwanza Agnès alishika chupa, akaigeuza, akamuangalia Fanwell.

"Docta, unisamehe. Umesema hii ni dawa ya kuamusha?"

"Ee mukwai. Inaamusha."

"Huyu mutoto, tangu nimuzae, hajalala muchana hata siku moja. Anapanda miti, anapanda mashua ya batu. Na wewe unataka nimuamushe tena?"

Fanwell alicheka mpaka akaondoa miwani. "Mama Jessy, mashua yenu ya Chisenga iko na motere?"

"Iko nayo."

"Nani anashikaka usukani?"

"Ngoy, ndugu yangu mudogo."

"Motere iko na nguvu, Ngoy analala. Mashua itaenda wapi?"

"Itaenda kila fasi. Mwisho itaingia mu matete."

"Alore. Motere ya Jessy ni muzuri sana. Mwenye analala mu kichwa yake ni ule wa usukani. Dawa inamuamusha yeye. Haimuongezee mutoto akili, akili eko nayo. Haimugeuze kuwa mutu mwingine. Inamupa usukani kwa masaa machache, kisha inaisha, na kesho unamupa tena."

Halafu alimupa sheria, moja moja, bila haraka. Kidonge kimoja, asubui, akikwisha kula. Ya jioni hapana, juu usingizi itakimbia. Hamu ya kula inaweza kupunguka, kwa hiyo mutoto ashibe mbele ya dawa na ashibe tena magaribi. Kila mwezi atarudia ku balansi, watapima kilo na tansio ya damu na mapigo ya moyo. "Na daktari ameanza na kipimo kidogo, sababu kila mwili uko na yake," Fanwell alisema. "Ikikosa kutosha, ni daktari mwenye ataongeza. Haiko miye, haiko wewe. Na mutu mwenye hafuate, haipatiwi."

Agnès alitikisa kichwa. Mutu asikuje kuniambia kesho kama hakuambiwa. Aliambiwa, alisikia, na hata alirudilia maneno yote kwa kinywa yake mwenyewe mbele ya kutoka mu biro.

Mwezi wa kwanza, dawa ilifanya kazi yake. Jessy aligeuza chisense yote, upande na upande, na mashua ya Chienge ikaingia na kutoka bila yeye kuikimbilia. Alituma macho tu. Chumvi ilifika mu nyumba. Patapata ya kuume ilipatikana nyuma ya pipa ya maji. Agnès aliogopa kidogo kama mutoto atakuwa bubu, juu Eneless alikuwa amemuambia ile dawa inafanyaka batoto banabakia sawa mbao. Haikukuwa vile. Jessy alikuwa anasema mingi sawa zamani, tofauti ni kama sasa hadisi zake zilikuwa na mwisho. Bata alikuwa amekuwa mukubwa, Jessy akamupatia jina Chisala, na kila asubui alimueleza namna siku yake itaenda.

Habari ya dawa yenye kuamusha ilifika masikio ya Ngoy. Ngoy anavua chisense na taa, kazi ya kukesha, na usingizi njo adui yake. Siku moja asubui alikuja, macho mekundu, akakaa ku kibao karibu na moto.

"Yaya, unipe kimoja tu."

"Kimoja ya nini?"

"Ya ile dawa. Nisilale ku kazi."

Agnès aliweka mwiko chini. "Wewe uko na ugonjwa wa Jessy?"

"Hapana."

"Daktari alikupimaka moyo?"

"Hapana, yaya."

"Ile dawa iko na jina ya mutu mumoja ku chupa, na haiko jina yako. Moyo yako ikisimama katikati ya ziwa, nani atarudisha mashua? Kunywa kahawa."

Ngoy alikunywa kahawa na kwenda. Na Agnès alijisikia muzuri sana, mwanamuke mwenye kujua sheria, akafunga chupa na kuipandisha juu ya kabati. Ninawaambia ile makusudi. Kwa kinywa alijua yote. Ni mukono yake tu haikukuwa imefundishwa.

Katikati ya mwezi wa pili, Titcha Mutale alitangaza mutihani wa kujaribu, mbele ya ule wenyewe wa gredi ya saba. Asubui ya ile siku Agnès alitikisa chupa, kidonge kimoja kikaanguka mu kiganja yake. Akakiangalia. Kilikuwa kidogo, cheupe, peke yake mu mukono mukubwa, na Agnès alisikia haya, ile haya yenye anasikiaka akiona mutu anauzisha kopo bila kuongeza kitu. Mutoto wake wa pekee anaenda ku mutihani, na yeye anamupa kipimo kavu? Alikamata kisu ya vitunguu, akakata kidonge kingine katikati, akaweka nusu juu ya kile kizima.

Jessy aliangalia. "Mama, Docta alisema kimoja."

"Kimoja njo hiki. Hii ingine ni mbasela."

Mutoto mwenye amekomalia chini ya meza ya soko anajua kama mbasela haikataliwi. Alimeza yote na maji, akaenda.

Kesho yake Titcha Mutale alipita ku soko na karatasi za Jessy chini ya kwapa. Alizifungua juu ya meza, kati ya makopo. Jina ya Jessy ilikuwa juu, imeandikwa kwa herufi nzuri. Kila ukurasa ulikuwa na mustari wa pembeni wenye kunyooka, umepigwa na rula, umepigwa tena juu yake, na tena, mpaka karatasi ilikaribia kupasuka. Majibu hakukuwa hata moja.

"Masaa mbili, Mama Jessy," titcha alisema. "Hakuangalia inje, hakusema na mutu. Alipiga mistari. Nilimugusa bega, akashituka, akaendelea."

Sasa mutu mwingine angejiuliza kama ile nusu njo ilileta mambo. Agnès hapana. Ku soko, mununuzi akikunja uso, inamaanisha umeongeza kidogo sana. Aliwaza kama dawa haijatosha, na tangu kesho yake alitoa nusu ya juu kila asubui. Kwa upendo, mutu asiseme ingine. Ungemuuliza, angekuambia kama anamusaidia daktari, juu daktari eko mbali.

Ikaenda vile siku kumi na mbili, kuhesabu na ile ya mutihani wa kujaribu. Jessy aliacha bukari, njo ugali, mu sahani, akaigusa tu na kidole. Magaribi alilala na macho wazi. Alianza kuchuna ngozi ya vidole vyake. Chisala bata alikuja ku mulango asubui kusikiliza hadisi, akangoja, akaenda zake. Siku moja Jessy alishika mukono ya mama yake, akauweka ku kifua. "Mama, moyo yangu inakimbia." Agnès aliisikia chini ya kiganja, mbio mbio, na akaogopa. Akajiambia ni woga wa mutihani, watoto wote wako vile. Alijiambia kwa sauti, ili aamini.

Halafu siku ya randevu ya kliniki ikafika, na chupa ilikuwa tupu.

Hesabu yake hata mutoto wa gredi ya kwanza anaiweza. Randevu ilikuwa siku sita mbele mwezi wa dawa uishe, kwa hiyo vidonge zilipashwa kubakia sita. Mu njia ya kwenda, Agnès alitengeneza uongo, na alikuwa fundi: eti alikuwa ku mashua ya Chisenga, anamupelekea Davies unga, upepo ukapiga, mufuko ukafunguka, chupa ikaanguka mu maji ya chini ya mashua. Aliweka ndani hata Ngoy akichota maji na kopo. Jessy alitembea kando yake, hatua kwa hatua. Zamani ile njia Jessy alikuwa anaitembea mara tatu, mbele na nyuma na mbele tena.

Fanwell alitikisa chupa tupu ku sikio yake. "Na hizi sita?"

Agnès alitoa hadisi yote, na upepo, na unga, na Ngoy. Jessy aliangalia miguu yake. Fanwell alisikiliza mpaka mwisho, na, mutu muzuri, akaamini. Aliandika mu karne, ile kitabu kidogo ya mugonjwa, "zilianguka mu maji," akamuomba awe muangalifu. Agnès alipumua. Alikuwa hata ameanza kufunga kitenge vizuri ili waende.

"Jessy, panda ku balansi," Fanwell alisema.

Balansi ilionyesha kilo makumi tatu na moja na nusu. Fanwell aliangalia mu karne, mwezi wenye kupita zilikuwa makumi tatu na tatu. Akamupandisha tena. Ilikuwa ile ile. Akafunga kitambaa ya tansio ku mukono ya Jessy, akashika kifundo, akaangalia saa, akahesabu midomo ikitikisika. Akahesabu mara ya pili. Kisha alimuuliza Jessy kama analala. Jessy alisema hapana. Kama anakula. Jessy alisema kidogo. Fanwell aliketi, akaondoa miwani, na ile mara hakucheka.

"Mama Jessy, nasikitika sana. Hii dawa haimufai mutoto. Kwa kipimo kidogo vile, kidonge kimoja tu kwa siku, na tazama, kilo imeshuka, moyo inakimbia, usingizi hakuna. Kuko batoto wenye mwili yao inaikataa. Nitamuandikia daktari leo tuisimamishe."

"Kuisimamisha kabisa?"

"Kabisa. Ingine ya kubadilisha hapa hatuna. Pengine mwaka kesho."

Alikamata kalamu. Mutihani wenyewe ulikuwa umebakia juma tatu. Jessy akainua kichwa, kwa mara ya kwanza ile asubui.

"Basi nitarudia kuwa ule wa zamani?" aliuliza. "Wa kuozesha samaki?"

Hakumuangalia mama yake. Njo ile ilimukata Agnès roho. Mutoto alikuwa anajua. Alijua siku zote kumi na mbili, anajua kuhesabu moja na nusu, na alikuwa tayari kupoteza dawa yake, masomo yake, yote, kuliko kusema mbele ya munganga kama mama yake ni muongo. Agnès alisikia haya ya kweli, kubwa kuliko ile ya kidonge kimoja mu kiganja. Alisikia pia kishawishi cha kunyamaza. Akisema, Fanwell anaweza kumunyanganya dawa vilevile, juu alisema wazi kama haipatiwi mutu mwenye hafuate. Akinyamaza, inaondoka kwa hakika, na kosa inabakia ku mwili ya mutoto.

"Docta, acha kalamu," alisema. "Hazikuanguka mu maji. Zilianguka mu kinywa ya mutoto."

Fanwell aliacha kalamu.

"Nilikuwa naongeza nusu. Kila asubui, siku kumi na mbili. Hakuna upepo. Ngoy hakuchota kitu."

"Nusu juu ya kizima? Juu ya nini?"

Agnès alitafuta neno ingine, akaikosa. "Mbasela," alisema.

Fanwell alifunika kinywa na mukono. Hata leo Agnès hajui kama alikuwa anaficha kicheko ao hasira, na mimi nawaza ni vyote viwili, juu sauti yake ilitoka ngumu. "Mama, nilikuwa karibu kumunyanganya mutoto wako dawa yenye inamufaa. Unasikia? Ningeandika ku karne kama mwili yake inaikataa, na hakuna mutu angemupa tena. Haiko dawa ilikosea. Ulimupa ingine, yenye hakuna daktari aliandika."

"Nasikia."

"Ile moyo yenye ilikimbia, ilikuwa inakuambia."

"Iliniambia, Docta. Niliisikia na mukono yangu, na nikaogopa." Na Agnès alilia, bila kujificha, na Jessy akasogeza kiti yake karibu mpaka magoti yao yakagusana.

Fanwell alivaa miwani tena. Kisha alifuta "zilianguka mu maji," akaandika ingine, ya kweli, akaisoma kwa sauti ili mama aisikie. Alipiga simu ku Copperbelt mbele yao, akamueleza daktari yote, akaitika "ee mukwai" mara nyingi. Akakata simu. Chupa mupya haitatoka mbele ya tarehe yake, alisema, ile ni sheria, kwa hiyo siku sita Jessy atakaa bila dawa. Haitamuumiza. Mwili utapumuzika, usingizi utarudia, na ale. Moyo ikirudia muzuri, wataanza tena, kidonge kimoja, na kila juma mutoto atakuja ku balansi.

"Na mbasela yangu naiacha," Agnès alisema, akipangusa uso na kitenge. "Naapa."

"Usiiache," Fanwell alisema. "Ile mukono yako hata Mungu hawezi kuifunga, miye nanunua kwako, najua. Uiweke ku sahani. Viazi, samaki, karanga, ongeza mpaka uchoke. Ku chupa tu njo hapana."

Zile siku sita, mungekuwa kule. Siku ya pili Jessy alikula bukari mbili na kuomba mboga ya Eneless. Siku ya tatu alitumwa mafuta, akarudia na habari yote ya harusi ya mutu mwenye hawamujue. Patapata ya kuume ikapotea tena. Chisense ya nusu ikaoza upande wa chini, na Agnès aliitupa bila kufokea mutu, akasimama ku muchanga akimuangalia binti yake akikimbilia mashua, bata nyuma yake akipiga kelele. Alikuwa amemukosa ule mutoto. Hakujua mpaka pale namna gani amemukosa.

Siku ya saba chupa ilikuja. Fanwell alipima moyo, akasema ni safi. Kidonge kimoja. Jessy alitulia ku masomo, na magaribi, dawa ikiisha, alirudia kuimba na kuuliza. Juma yenye kufuata balansi ilimurudishia nusu kilo. Titcha Mutale alileta karatasi ingine ya zoezi, hii ilikuwa na majibu, mingine ya makosa, lakini yote yalikuwa ya ulizo za leo.

Halafu asubui ya mutihani wenyewe. Jessy alikuwa amevaa uniforme yenye kupigwa pasi, patapata mbili, ya kushoto na ya kuume. Alikula uji. Agnès alitikisa chupa, kidonge kimoja kikaanguka mu kiganja. Kidogo, cheupe, peke yake. Na mukono wa kuume, nawaambia, ule mukono ulienda wenyewe mpaka ku kisu ya vitunguu na kuishika. Ulibakia pale. Agnès aliuangalia sawa vile unaangalia mutoto wa mutu mwingine mwenye ameingia mu nyumba yako. Alisikia moyo yake mwenyewe ikikimbia.

Jessy alikuwa anamuangalia. Alinyosha kiganja tu, na kungoja.

Agnès aliachilia kisu. Alifunga chupa, akaisukuma mbali juu ya kabati, akaweka kidonge mu kiganja ya binti yake. Jessy akameza.

"Na mbasela?" Jessy aliuliza, meno inje.

"Iko ku sahani."

Kulikuwa vitumbua viwili ku sahani, kando ya bakuli ya uji yenye alikuwa amekwisha kukula. Alikula kimoja, cha pili akakiweka mu mufuko ya uniforme, mafuta na yote, akaenda. Ku mulango alirudia, Agnès akashituka, lakini alikuwa amesahau tu kalamu.

Ile siku Agnès hakuweza kukaa. Alifungua meza yake mapema, na mukono wenye ulinyimwa kitu asubui ulitafuta fasi ya kwenda. Kila mutu mwenye alinunua kopo alipata mbasela, kisha ingine, na Ngoy mwenye alikuja kusalimia tu alirudia nyumbani na kofia yenye kujaa. Eneless alimuuliza kama amerukwa na akili ao anafunga kazi. Agnès alimujibu aangalie meza yake mwenyewe, akachota tena, kiganja yote, huku macho yake yakiwa ku njia ya masomo.